Linah Chepkosgei Wakoli wa Soko la Namusonge, 1954–2025

Wachungaji wetu, wazee wa pande zote mbili za mpaka, akina mama wa soko, majirani, na ninyi mliotoka mbali, Endebess, Kimilili, Moi's Bridge na kwingineko, familia ya marehemu Jairus Wakoli imenituma mimi, Emmy, binti ya Rosaline na mjukuu wa kwanza wa mama huyu, nisimame hapa katikati ya uwanja wa soko niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza naomba mnielewe kwa jambo moja, kwamba hatukuweza kumtenga Kukhu, nyanya yetu, na soko hili, kwa sababu tulipokaa nyumbani kuyaandika haya, kila tulipogusa mwaka wa maisha yake tuliukuta mwaka wa mji, na kila tulipougusa mji tuliukuta ule ubishi wake, ambao wengi wenu mliusikia mpaka mkachoka. Na ikiwa sauti yangu itapanda mahali, mnisamehe, maana tuna huzuni, lakini chini ya huzuni hiyo kuna kitu kingine ambacho hatujakipatia jina la heshima, nacho hakijatulia.

Linah Chepkosgei alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Aprili 1954, karibu na Endebess, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kigen, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa shamba hilo, na Mama Jeruto, aliyepalilia mahindi ya wengine mchana na vitunguu vyake mwenyewe jioni, na ni vitunguu hivyo vilivyomleta mtoto huyu Namusonge mara ya kwanza, mwaka wa 1961, akiwa ameshika ncha ya leso ya mama yake. Wakati huo hapa hapakuwa mji, palikuwa na duka moja la mabati, kisima, na uwanja wa nyasi, watu wa mlimani waliteremka na vitunguu, viazi na maziwa, watu wa chini walipanda na ndizi, wimbi na samaki wakavu, na walikutana hapa, Kukhu alitueleza, si kwa sababu chifu aliamuru, bali kwa sababu ukitoka juu au ukitoka chini, ni hapa mzigo huanza kuuma shingo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kambi yao, akasoma bila kukosa, msimu wa mvua akivuka matope akiwa amebeba viatu mkononi ili vimalize mwaka, na mwaka wa 1968 alifanya mtihani wa darasa la saba, akapita, akaitwa kidato cha kwanza. Hakwenda. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza na watoto wawili wa kupeleka, yeye na kaka yake Kiplimo, na ng'ombe yule alikwenda na Kiplimo, jambo ambalo Kukhu alilieleza kila mara kwa maneno yale yale, kwanza kwa upole, "Si alikuwa kijana, na nyakati zilikuwa hizo," kisha akasema, "lakini hesabu nilikuwa namshinda, na yeye anajua." Mzee Kiplimo ameketi pale mbele, na tunajua kwamba anajua.

Kati ya mwaka wa 1969 na 1972 aliosha mikebe ya maziwa katika kituo cha kukusanyia maziwa kule Endebess, halafu akahamia mahali tunapopaita leo Moi's Bridge, akaajiriwa na wafanyabiashara wa mahindi kushona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na kamba ya katani, na hapo ndipo alipokutana na kijana mrefu kutoka upande wa Bungoma, Jairus Wakoli, dereva wa trekta, ambaye siku ya kwanza alimsimamia na kumwambia, "Dada, huu mshono wako umelala," naye bila kuinua macho akamjibu, "Basi uamshe wewe, si uko na mikono." Babu alikuwa akisimulia kisa hiki kila Krismasi, na kila Krismasi Kukhu alisema kwamba mshono haukuwa umelala.

Walioana Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1973, kanisani Kimilili, baada ya mazungumzo ya mahari yaliyokula siku nzima, kwa maana wazee wa mlimani hawakujua Kibukusu na wazee wa chini hawakujua Kikalenjin, kwa hiyo wakalazimika kubishana kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwa yeyote kati yao, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeshinda, na ng'ombe walipatikana kwa idadi ambayo haikumuudhi mtu. Akaletwa katika boma la Wakoli, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapa tulipo, akajifunza Kibukusu mpaka akawa anakosoa cha wengine, na alibaki katika boma hilo maisha yake yote, na jioni hii ndiko tutakakomlaza, kando ya Babu, aliyemtangulia tarehe 19 Septemba 2011.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Jotham aliyezaliwa mwaka wa 1975, mama yangu Rosaline mwaka wa 1977, Edah mwaka wa 1980, na Kiplimo mdogo mwaka wa 1989, wote wako hai, wote wako hapa, na wote walisomeshwa na maharagwe.

Naam, maharagwe, kwa kuwa Januari 1976, Jotham akiwa mgongoni, Linah alitandika gunia katika uwanja huu, akamwaga maharagwe ya aina mbili, mekundu na ya manjano, akaweka juu yake mkebe wa gorogoro, na tangu siku hiyo, Jumatano na Jumamosi, mvua au jua, alikuwa pale mnapoona lile gunia tupu tulilolitandika leo. Waliomjua wanajua namna alivyopima, alijaza gorogoro, akaligonga ubavuni mara moja ili maharagwe yakae, akajaza tena mpaka yakasimama kileleni, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza, na bado mteja akisema, "Mama Jotham, ongeza basi," naye akijibu, "Niongeze wapi, huoni Mlima Elgon umesimama juu ya mkebe?" Watu walitoka Kimilili, soko lao liko palepale, wakapita maharagwe mengi njiani ili wanunue yake, na aliyekaa naye gunia kwa gunia, Mama Nekesa muuza mboga, anasema alijifunza mambo mawili kwake, kupima na kubisha.

Mji ulikua mbele ya macho yake. Aliona kinu cha kusagia mahindi kikijengwa, kile ambacho leo ni cha Mzee Khisa na wakati huo kilikuwa cha baba yake, akaona malori ya mahindi yakianza kulala hapa wakati wa mavuno, akaona shule, kanisa la pili na la tatu, duka la dawa ya ng'ombe, vinyozi, mafundi wa simu, hoteli zinazopika matumbo, akaona wakulima wa mlimani wakishuka na pikipiki zenye mitungi ya maziwa badala ya punda, na kila kitu kilichojengwa kilijengwa kwa kuangalia soko, kwa sababu bila Jumatano na Jumamosi mji huu ni vumbi lenye maduka. Aliona pia lami ikija, ikapita pembeni, na barabara ya zamani ya murram, ya changarawe nyekundu, ikabaki ndani ya uwanja wa soko mpaka ikamezwa na vibanda, na hakuna aliyesikitika, kwani hakuna aliyekumbuka kwamba mpaka wa utawala, ule unaotenga upande wa juu na upande wa chini, haufuati lami, unafuata barabara ile ya zamani, yaani unapita hapa, katikati ya magunia, mahali ambapo jicho haliuoni.

Kwa miaka mingi mpaka huo haukumuuma mtu. Lakini kaunti zilipokuja na ofisi zikawa mbili, ya juu na ya chini, kila moja na wakusanya ushuru wake, mpaka uliota meno, na siku moja vijana wawili wenye tiketi za rangi mbili walisimama mbele ya Kukhu, mmoja akidai kwamba gunia liko kwao, mwingine kwamba liko kwao, naye akiwa amekaa kwenye kigoda chake akawaambia, "Maharagwe yako juu, makalio yako chini, sasa nyinyi ongeeni, mkishamaliza mniambie ni gani mnalipisha." Soko lote lilicheka, na vijana wale wakacheka, na mmoja wao yuko hapa leo, amebeba viti tangu asubuhi. Ninalisema hili ili mjue kwamba hakuwa mama wa hasira. Hasira alifundishwa.

Alifundishwa na choo. Nitalitaja neno hili mara nyingi, na wazee mnisamehe, yeye mwenyewe alilitaja katika kila mkutano wa soko, na alisema kwamba kama ni aibu kulitaja, basi aibu iwe ya wale wanaotufanya tulitaje. Soko hili lilikuwa na choo cha shimo, cha mbao, kisicho cha kujivunia, na mvua kubwa za mwaka wa 1998 zilikiangusha. Mwanzoni wanawake walikwenda katika shamba la mahindi lililokuwa nyuma, kisha shamba likauzwa viwanja, viwanja vikawa maduka, na mahindi yakaisha. Mwanamume hugeukia gurudumu la lori, akamaliza, akaendelea na biashara. Mwanamke aliyekuja na gunia alfajiri na kuondoka jioni akaambiwa aende baa, na baa wakamwambia anunue soda kwanza, na akienda, nani ataangalia gunia? Kwa hiyo wanawake wa Namusonge walivumbua njia yao, na njia hiyo ilikuwa kutokunywa maji. Siku ya soko hawakunywa chai nyumbani, hawakunywa maji sokoni, wala uji, hata jua la Februari likiwa juu ya vichwa vyao, na wakiulizwa walisema hawana kiu.

Ndipo Ijumaa, tarehe 12 Agosti 2016, katika uwanja huu huu, kulipofunguliwa kwa hema, muziki na utepe lile jengo la vyoo mnaloliona pale nyuma yenu, lenye milango sita ya buluu na matangi mawili juu, na Kukhu alicheza siku ile, tuna picha yake, mikono iko hewani. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, milango ikafungwa ili maji yaunganishwe wiki iliyofuata. Katika wiki hiyo wapimaji walikuja na vigingi vyao, wakagundua kwamba jengo limekalia mpaka, milango mitatu iko juu, milango mitatu iko chini, na kufuli zilizowekwa kwa wiki moja ziko pale mpaka saa hii ninapozungumza. Geukeni mzitazame. Zimeota kutu.

Tangu hapo, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, Kukhu alivaa leso yake nzuri akaenda ofisini, mwezi huu ya juu, mwezi ujao ya chini. Wakati mwingine nilimsindikiza, na yaliyosemwa nimeyasikia kwa masikio yangu. Ofisi ya juu walimwambia, "Mama, milango mitatu iko kwa wenzetu, sisi hatuwezi weka maji nusu." Ofisi ya chini walimwambia, "Mama, hao ndio walijenga, hao ndio wako na funguo, waulize." Akasema, "Basi kila mtu afungue mitatu yake." Wakamwambia, "Ukuta ni mmoja, mama." Akauliza, "Na mkojo ni wa kaunti gani?" Karani akacheka, akaandika kitu, akasema watamwita. Siku moja, baada ya kungoja kwenye benchi mpaka mchana, aliomba choo cha ofisi, akaonyeshwa, akarudi nje, na tulipofika njiani akaniambia, "Emmy, iko na sabuni ya waridi."

Na hapa nisiziseme ofisi peke yake, kwa sababu yeye hakuzisema peke yake. Kulikuwa na mikutano hapa sokoni, tukaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kila alipouliza kwa nini tusichimbe wenyewe tukiwa tunangoja, alijibiwa kwamba uwanja ni wa serikali, kwamba huwezi kuchimba bila kibali, na kibali cha upande gani, na kwamba tukichimba shimo letu watasahau kufungua lile jengo la maana, na wanaume wengine, ambao sitawataja kwa kuwa wamekuja kuzika pamoja nasi, walisema hayo ni mambo ya akina mama. Tukakubaliana kungoja. Tulikuwa hodari sana wa kukubaliana.

Yeye naye, na hili familia imeniambia nilisome kama lilivyo, alikuwa mgumu. Mwaka wa 2019, alipotoka hospitali mara ya kwanza, Mzee Khisa wa kinu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka hapo alipokaa, alimletea ufunguo wa choo cha nyumbani kwake, akamwambia, "Mama Jotham, chukua, ni yako, usiulize mtu." Aliushika ule ufunguo, akamtazama Nekesa, akawatazama wa nyanya, wa dagaa wa omena, wa mitumba, kisha akaurudisha, akasema, "Khisa, asante, Mungu akubariki, lakini ukinifungulia mimi peke yangu, nitanyamaza, na mimi sitaki kunyamaza." Mama yangu alilia nyumbani, akamwambia, "Mama, sasa wewe unashindana na nani?" Tulimheshimu kwa hilo na tulimkasirikia kwa hilo, na mpaka leo hatujui ni lipi lililo kubwa zaidi.

Ugonjwa wake ulianza kama maumivu ya kiuno na homa zilizokuja na kuondoka, tangu mwaka wa 2014, na kila mara alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, akapona, akarudi sokoni, akaugua tena. Machi 2019 alilazwa mjini Bungoma kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 2022, mwezi wa Juni, tuliambiwa mjini Kitale kwamba figo zote mbili zimechoka. Daktari alitueleza kwa upole kwamba figo huharibika kwa sababu nyingi, na kwamba yeye hawezi kuapa, lakini maambukizi yanayorudi kwa miaka yote hiyo, kwa mtu anayejinyima maji na kujizuia kutwa nzima, hayakumsaidia. Kukhu aliuliza swali moja tu, kama kuna wengine anaowatibu wanaouza sokoni. Daktari alifungua daftari lake, akaanza kuhesabu kwa kidole, na hilo likatosha.

Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, na alipoulizwa achague siku, alichagua Jumanne na Ijumaa, ili Jumatano na Jumamosi zibaki za soko. Tulimkataza, akaja. Alikuja akiwa amefungwa bandeji mkononi, akapimia kwa mkono mwingine, na kwa uchungu ambao Nekesa alituhadithia juzi, sasa ilikuwa amri ya daktari asinywe maji mengi, basi alikuwa akikaa pale na kuwachekesha, "Hata mmeona, mimi niko na barua ya kutokunywa, nyinyi mna nini?"

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, tulimpeleka Kitale kama kawaida, akiwa na nguvu za kutosha kumsumbua muuguzi kuhusu bei ya maharagwe, na saa tatu na nusu asubuhi, kabla hajaunganishwa na mashine, moyo wake ulisimama. Madaktari walijaribu. Alikuwa na umri wa miaka sabini, mwaka wa sabini na moja ulikuwa unabisha hodi. Alikuwa ametuachia agizo, tulilijua sote, kwamba asizikwe siku ya soko, kwa kuwa desturi yetu ni kufunga soko mwenzetu akizikwa, na yeye hakutaka mtu arudi nyumbani bila unga kwa ajili yake. Ndiyo maana tuko hapa leo Ijumaa.

Sasa nifike kwa jambo lililotuchelewesha jana, na wale mliolisikia nusu mlisikie lote. Kwa kuwa boma letu ni dogo na watu wangekuwa wengi, tuliomba ibada ifanyiwe hapa sokoni, na penye matanga, kila mtu wa huku anajua, vijana wa majirani huchimba choo cha wageni, ni lazima, hakuna msiba usio nacho. Mzee Khisa akatoa kona ya kiwanja chake, nyuma ya kinu. Jumanne hii vijana wanaopakia malori waliingia na majembe na sururu, wakachimba wakiimba, Jumatano wakaweka magogo, sakafu ya mbao, kuta za mabua na turubai, vyumba vinne, na kabla ya soko kufungwa kilikuwa kimesimama. Nekesa aliacha mboga zake, akaenda akasimama mbele ya lile turubai, mikono kiunoni, akakitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ni siku mbili tu?" Vijana waliinamisha vichwa, Mzee Khisa akaingia ndani ya kinu chake akazima mtambo.

Desturi inasema kwamba choo cha matanga hufukiwa siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, kwa maana huaminika kwamba shimo la msiba likiachwa wazi huita msiba mwingine. Jana alasiri Nekesa na akina mama wa soko walikuja nyumbani kwetu, wote, wakakaa chini mbele ya wazee, wakaomba lisifukiwe. Wazee walikataa. Walisema hawajaona jambo kama hilo, na kwamba kifo si cha kuchezewa. Jotham, mwana wa kwanza, ambaye kwa siku zote hizi hakuwa amesema zaidi ya salamu, alisimama akasema, "Wazee wangu, hilo si shimo la msiba. Hilo ni shimo la soko. Ni vile tu tumelichimba tukiwa tumechelewa." Wakabishana hata hivyo, kwa Kibukusu, kwa Kikalenjin, na mwishowe kwa Kiswahili, kama walivyobishana baba zao mwaka wa 1973. Katikati ya ubishi huo Mzee Kiplimo, kaka yake, yule aliyekwenda shule na ng'ombe, aliinuka, akamwomba Mzee Khisa ampeleke kwa gari aione hiyo kazi ya vijana, wakaenda, na aliporudi aliketi, akaweka fimbo yake magotini, akasema, "Nimekitumia. Kikae." Na kwa kuwa ndiye mkubwa wa waliobaki katika ukoo wa marehemu, wazee wengine walitazamana, na neno likaishia hapo.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma na Kitale, waliomtendea kama mama yao na kumvumilia na maswali yake, tunawashukuru majirani waliolala kwetu na kupika, makanisa yote matatu, wenye malori waliotubebea hema na viti bila malipo, vijana waliochimba, wenzake wa soko walioacha magunia yao siku ya Jumatano kuja kutushika mikono, na Mzee Khisa, kwa ufunguo uliokataliwa na kona iliyokubaliwa. Tumepokea pia mashada mawili ya maua, moja kutoka ofisi ya juu na moja kutoka ofisi ya chini, na wajumbe wao wako nasi, wamekaa kila mmoja upande wake. Tunawashukuru kwa maua. Baada ya ibada, wajumbe, kama mtahitaji kujisaidia, ni nyuma ya kinu, mtaelekezwa.

Jumatatu, siku ya kunyoa, hakutafukiwa kitu. Fundi atakuja na mbao, atabomoa turubai, ataweka milango minne, na familia imeagiza kwamba milango hiyo isiwekewe mahali pa kufuli.

Kukhu, kesho ni Jumamosi. Nekesa ameniambia atakuja na kibuyu cha maji, ataweka palepale ulipokuwa ukikaa, na kila mwanamke wa soko atakunywa, mchana, jua likiwa juu, mbele ya watu. Umengoja vya kutosha, mama yetu, sasa pumzika.